Mkono wa Eduardo, Miguu Yangu

Magomeni, Mtwara
9 Juni 2024

Kwa wifi yangu Ilda,

Pokea salamu za huku mjini. Sisi hatujambo. Mimi magoti yananikumbusha umri kila ninapopanda ngazi za shule, na kaka yako anakula, analala, na ananenepa. Hilo la kunenepa naomba uliweke kwenye mema yangu, maana mabaya yangu unayajua bila kuhesabiwa. Wewe je? Mjomba Erasto kifua chake kinasemaje? Na ufuta mmeshakata?

Nakuandikia kwa sababu simu ulinikatia. Sikulaumu. Mtu apige simu kumjulia hali kaka yake mgonjwa wa kiharusi, asikie mke wa mgonjwa anapiga kelele, "Eduardo, inua pua, tunaingia baharini!", na mgonjwa mwenyewe anacheka? Hata mimi ningekata. Ila barua haikatiki. Ukikasirika utaitupa, ukipoa utaiokota. Faraji wa lile fuso linalokuja kubeba ufuta kwenu amekubali kuileta, na amesema majibu ataleta pia, kwa hiyo huna pa kujificha.

Basi nikueleze. Danieli alipokuja likizo ya Pasaka alituachia kompyuta yake kubwa, kwa sababu huko Dodoma ana ya ofisini. Ndani yake kuna programu ya kurusha ndege. Si mchezo wa kupigana risasi, usije ukamwambia mjomba hivyo. Imo dunia nzima, mito na milima na viwanja vya ndege, na sisi tumo. Inakuja na fimbo ya kuongozea inayokaa mezani, mpini wa breki kando yake, na pedali mbili za miguu chini ya meza.

Alianza kumwonyesha baba yake ndege kubwa ya abiria. Ule mngurumo ulipotoka, Eduardo akaziba sikio kwa mkono wake mzima, akawa analia, "Jumanne! Jumanne!" Unajua tena, tangu apigwe, neno lililobaki kinywani mwake ni hilo moja. Maji ni Jumanne, njaa ni Jumanne, na mimi niliyeishi naye miaka yote hii ni Jumanne. Danieli akatafutatafuta, akakuta ndege isiyo na injini. Wenyewe wanaiita glaida. Ina mabawa marefu membamba, inakokotwa kwa kamba na ndege nyingine mpaka juu, halafu inaachiwa. Kuanzia hapo hakuna cha kukusukuma. Unatafuta mahali jua lilipochoma ardhi hewa ikawa inapanda, unazunguka humohumo kama mwewe, unapanda nayo.

Kukawa kimya. Eduardo akanyoosha mkono wa kushoto, akashika fimbo. Wifi, tangu siku aliyoanguka bandarini sikuwahi kumwona anashika kitu bila kuambiwa shika. Alikaa kwenye kile kibanda cha kreni nusu ya maisha yake, anainua makontena kwa vidole. Vidole havijasahau.

Sasa tumegawana kazi. Yeye ni mkono, mimi ni miguu na breki. Yeye anajua, mimi najifunza, na najifunza vibaya. Leo asubuhi nimekanyaga pedali ya kushoto badala ya kulia, tukawa tunakwenda upande upande kama kaa. Akanitazama kama anavyowatazama vibarua wapya. Akasema, "Jumanne," taratibu sana, na ninaamini lilikuwa tusi.

Nisamehe kukushtua. Nipigie.

Wifi yako,
Modesta


Kitaya
30 Juni 2024

Mwalimu,

Salamu zimefika na mimi nakusalimu. Huku wazima. Mjomba anakohoa lakini ugali anakula kunizidi mimi. Ufuta tumekata, tumesimamisha, tunangoja ukauke. Magoti yako paka mafuta ya nazi, usiniletee mimi.

Barua nimesoma mara mbili. Mara ya pili kwa sauti, mjomba asikie. Kauliza, "Hiyo ndege iko wapi?" Nikamwambia mezani. Kauliza, "Na Eduardo yuko wapi?" Nikamwambia kwenye kiti. Kasema, "Sasa nani anaruka?" Mjibu wewe uliyesoma, mimi nimeshindwa.

Sasa nisikilize. Kwetu mwanaume akioa anakwenda kwa mke. Sawa. Akalime kwenu, ajenge kwenu, watoto wawe wenu. Hatukugomba. Lakini akiugua, kwao ndiko kunakomuuguza. Baba yetu alipougua, dada zake walivuka mto kutoka ng'ambo wakaja kumchukua. Mimi nilikuwa msichana, Eduardo mdogo, nimembeba mgongoni. Mama hakugomba. Alimfungia nguo zake, akawapikia wageni wakashiba, akamsindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Ndivyo ilivyo. Mwanaume tunakuazima. Tulikuazima mzima, ana kinywa na mikono miwili. Hatukudai. Tunataka kilichobaki.

Tena asubuhi wewe unakwenda shule. Yeye unamwachia Amina, jirani. Amina ni nani yake? Wametoka tumbo moja? Mimi niko hapa tangu jogoo mpaka jogoo. Nitamkanda kwa maji ya moto, nitamlisha uji wa ulezi, atasikia watu wanaongea lugha ya mama yake. Wewe unamchezesha kama mtoto. Kaka yangu si mtoto. Kaka yangu alikuwa anainua chuma angani, meli zinamngoja yeye.

Mwezi wa nane ufuta ukishatoka mkononi, nakuja na mjomba kumchukua. Siombi ruhusa. Nakuarifu ili upike.

Ni mimi wifi yako,
Ilda

Wala sikukata simu. Mtandao ulipotea. (Nilikata.)


Magomeni
21 Julai 2024

Wifi yangu mkali,

Shikamoo zangu zote mpe mjomba, nawe nakusalimu kwa heshima ya mtu anayetishiwa. Nimepaka mafuta ya nazi. Magoti yanang'aa, ila bado yanauma. Eduardo hajambo, amepata mafua akapona.

Mjibu mjomba hivi: sijui nani anaruka. Nakaa kwenye kiti cha plastiki nimevaa kanga, sufuria iko jikoni, halafu ile ndege ikiingia kwenye hewa inayopanda, tumbo langu linabaki chini. Kuna kidude ndani ya programu kinalia. Ukipanda kinalia haraka haraka kama kifaranga, ukishuka kinaguna. Kaka yako hatazami hata saa za vipimo zilizo mbele yake, anasikiliza hicho tu, kichwa amekiinamisha. Amina wiki ya kwanza alikuja kuuliza kama tumeanza kufuga.

Na usidhani mimi ndiye rubani wa sifa. Kuna siku Danieli alituunganisha na watu wengine wanaorusha huko kwao duniani, unawaona wanapita na unaweza kuwaandikia. Akapita mmoja karibu, mwenye jina la kwetu. Nikaona si adabu kumpita mtu hivi hivi bila salamu. Nikaacha breki, nikaanza kuandika: habari za kwako, mnaendeleaje, familia haijambo? Yeye akaandika neno moja tu, "Salama." Nikaona huyu hakulelewa, nikaendelea kumuuliza habari za kazi. Nilipoinua macho tulikuwa ndani ya mnazi wa Msimbati. Eduardo alicheka mpaka machozi. Mara nyingine umeme unakatika tukiwa angani, na umeme ukirudi ndege haipo. Ile ya wiki iliyopita mpaka leo sijui tulitua wapi.

Nacheka, lakini barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nilikaa.

La Amina umesema kweli. Nikiwa darasani ninafundisha ramani, akili iko nyumbani kwenye kile kiti. Nimebakiza miaka kadhaa kabla ya kustaafu, na siwezi kuacha kazi, maana dawa zake zinatoka hapo. Mila naijua pia. Mimi ni Mmakonde kama wewe, hata kama unapenda kuniita mtu wa mjini. Sina haki ya kubisha.

Ila nakuomba kitu kimoja. Baba yenu alipochukuliwa alikuwa anaongea. Bila shaka aliulizwa, akasema nipelekeni, au akasema niacheni. Huyu hajaulizwa. Sisi wawili tunamgawana kama kitenge kimoja, na yeye yupo katikati anasikia. Madaktari wanasema akili yake ni nzima, kilichokatika ni njia ya maneno. Nimejaribu kumuuliza mwenyewe. Nikimwambia, "Eduardo, unataka kwenda kwa dada?" ananiambia Jumanne na kutikisa kichwa. Nikimwambia, "Unataka kubaki?" anatikisa vilevile, mpaka anakasirika, anageukia ukutani.

Tumuulize, wifi. Sijui kwa njia gani. Akisema Kitaya, mimi mwenyewe nitamfungia nguo.

Nimezoea kupikia wawili. Mkono wangu haujui kipimo cha mmoja. Hilo si hoja, nakwambia tu.

Wifi yako,
Modesta


Kitaya
4 Agosti 2024

Mwalimu,

Wazima. Mafua usimwache alale na feni.

Sijalala vizuri tangu Faraji alete karatasi yako. Kweli baba aliulizwa. Nilikuwa nimesahau. Alisema, "Nipelekeni, nikaone kaburi la mama." Mama yetu alikuwa amesimama pale na sufuria mkononi.

Nimeongea na mjomba. Nimemwambia, huyu mwanamke anasema akili ya Eduardo imebaki mkononi. Mjomba kasema, kama imebaki mkononi, muulize mkono. Basi. Hiyo ndege yako ina Kitaya ndani yake? Wewe umesema dunia nzima imo. Kama imo, tutakuja, tutakaa nyuma yake, mimi na mjomba. Nitamwambia kwa lugha ya mama: kaka, ruka, utue unakotaka kuuguzwa. Akitua Mtwara, nakunywa chai narudi zangu, sisemi tena. Akitua kwetu, unafunga nguo. Wewe usimguse, usimwambie lolote. Miguu yako fanya kazi ya miguu.

Usifikiri nimeanza kuiamini hiyo kompyuta. Ila sina mdomo mwingine wa kumuuliza.

Tunakuja Jumamosi ile ya baada ya mnada. Pika wali, mjomba amechoka na ugali.

Ilda, wifi yako


Magomeni
25 Agosti 2024

Wifi,

Natumaini mlifika salama na mjomba hakukohoa sana njiani. Mchele wenu tunakula, unanukia mpaka kwa Amina. Ming'oko, ile mizizi ya porini uliyoleta, nimeichemsha leo, Eduardo amekula akanyamaza kama mtu aliye kanisani.

Nimeanza barua hii nikaichana, zaidi ya mara moja. Sasa naandika bila kuisoma.

Nataka nikukumbushe siku ile kama nilivyoiona mimi, kwa sababu ulikuwa nyuma yetu na hukuona yote.

Ulimwambia maneno yako. Sikuyaelewa yote, Kimakonde chako cha kule mtoni kinakimbia, lakini nilimwona yeye anayaelewa. Mabega yalishuka. Akashika fimbo. Tukakokotwa kutoka uwanja wa Mtwara, tukaachiwa juu ya bandari, na mjomba akasema kule mlangoni, "Ee, mbona kama kweli!" Nikadhani atakwenda anakokwenda siku zote, Mikindani na kurudi. Akageuza pua kusini.

Unakumbuka ulivyokuwa. Mwanzo ulikaa kitandani umekunja mikono, umenuna. Mikorosho ilipoanza kupita chini yetu ukasogea. Mto ulipotokea, umelala kule mbele na michanga yake, ukasimama ukanishika bega: "Ule si Ruvuma? Ule si Ruvuma, jamani?" Na tulipofika juu ya Kitaya ukapiga kelele, "Hapo! Hapo ndipo kwa mjomba! Mjomba, njoo uone paa lako!" Mjomba akaja, akatazama, akasema paa lake si bovu hivyo. Mlikuwa mnacheka nyote wawili, mmeinamia kioo, na hakuna aliyetazama mikono yetu.

Kidude kilikuwa kinalia kama kifaranga, wifi. Hewa ilikuwa inapanda. Tulikuwa juu sana. Hata mimi mwanafunzi mbaya nilijua, angeweza kuzunguka pale mara mbili tatu, akarudi Mtwara akafika na akiba ikabaki. Nikawa nangoja ageuze. Moyoni nilikuwa namwambia, geuza, geuza.

Akaachia fimbo. Akaleta mkono wake wa kushoto, akaushika wangu pale kwenye goti, akauinua, akauweka juu ya mpini wa breki. Akaukandamiza. Tukavuta pamoja. Mabawa yakafungua vile vibao vyake vya kuzuia hewa, kidude kikaguna, tukashuka. Akarudi kwenye fimbo akaileta ndege kwenye mchanga wa kando ya majaruba ya mpunga, taratibu, kama alivyokuwa anashusha kontena lenye vioo.

Ndipo ulipopiga kelele, "Ameanguka! Masikini kaka yangu, hewa imemwishia!" Ukasema hii haihesabiki, mtu aliyeanguka hakuchagua. Ukanigeukia, ukaniuliza, "Mwalimu, si hewa imekwisha?"

Nikasema, "Imekwisha, wifi."

Wewe uliyekuja kwa gari la mzigo kumchukua ndugu yako, mila iko upande wako, mchezo ulishinda, ukaufuta mwenyewe kwa sababu ulitaka haki itendeke. Ukasema abaki mpaka korosho ziishe, tutamuuliza tena. Na mimi nikakupakulia wali.

Tangu siku hiyo hajarusha. Nawasha kompyuta, namweka kwenye kiti, anaitazama fimbo, halafu ananitazama mimi. Mkono unabaki pajani. Hata Jumanne haisemi. Nilidhani ni mafua yamerudi. Si mafua. Alikuwa hana maneno, akapata namna ya kusema neno moja tu kwa mkono, mbele ya mashahidi, na mimi niliyejua maana yake nikalitafsiri vibaya makusudi.

Hewa ilikuwepo, wifi. Alichagua Kitaya. Njoo umchukue.

Nguo zake nimefua, nimezipiga pasi, ziko kwenye begi la bluu. Kompyuta pia ichukueni, Danieli atapita kuwafungia huko. Breki si ngumu, ni mpini tu. Pedali zitakusumbua mwanzoni, na akikutazama kama kibarua usijali, ni mapenzi. Ukiandaa uji usiweke sukari, atakudanganya kwa macho kwamba daktari ameruhusu.

Nitapika. Safari hii nitakusindikiza mpaka kwenye gari kama mama yako, ila sijui kama nitasimama wima kama yeye.

Modesta,
ambaye bado ni wifi yako ukitaka


Kitaya
10 Novemba 2024

Mwalimu,

Salamu kutoka kwa wote. Mgonjwa anakula, sukari hapewi, ingawa amejaribu ile ya macho, na mjomba akadanganyika mara moja. Mguu wa kulia unaburuta kidogo, siyo kama ulivyokuja. Anatembea na mkongojo mpaka kwenye mikorosho, anakaa anatazama watu wakiokota, mtu akipita na ndoo haijajaa anamwambia Jumanne, na mtu anarudi kuijaza. Amina msalimie. Wewe hujambo? Unapika kiasi gani?

Simu zako nazipokea, lakini kwenye simu wewe unalia na mimi naanza kukufokea, hatufiki. Ndiyo maana naandika. Umeniambukiza.

Siku niliyokuja kumchukua sikusema kitu kuhusu barua yako. Nilinyamaza makusudi. Ningesema nimekasirika, ningedanganya, na ningesema sijakasirika, ningedanganya. Ulifunga nguo, ulipika, ulisimama wima mpaka gari likakata kona. Nilikuwa natazama kioo cha pembeni. Baada ya kona sijui.

Danieli alifunga kompyuta chumba cha mbele. Mimi ndiye miguu sasa, unacheka? Cheka. Nakanyaga pekupeku kwa sababu viatu vinateleza. Na kile kidude kikilia, kuku wangu mwenye vifaranga anaingia ndani mbio, anazunguka chini ya meza anamtafuta mtoto wake, anadonoa vidole vyangu, na mimi niko angani siwezi kumfukuza. Mjomba sasa hataki tena kujua nani anaruka. Anavuta kiti mapema.

Sasa nisikilize.

Nilidhani akishafika kwao atatulia, atazunguka hapahapa, juu ya mto, juu ya paa la mjomba. Mwanzo tulikuwa tunakokotwa kutoka Mtwara kwa sababu huku hakuna uwanja, kisha Danieli akaonyesha namna ya kuanzia hapa juu, hewani tu. Basi siku ya kwanza tulipoanzia hapa juu, akageuza pua kaskazini. Nikasema anazoea. Siku ya pili kaskazini. Nikamwambia kwa lugha ya mama, kaka, kwetu ni huku chini. Jumanne. Kaskazini.

Anapita mikorosho yote, anafika mjini, anatafuta Magomeni, anazunguka hapo. Mimi nyumba yako kwa juu siijui, mapaa ya mjini yote sawa, lakini yeye anajua, anainamisha bawa anatazama palepale. Siku moja nilikuwa nangoja arudi. Hewa ilikuwepo. Nimeshajifunza kusikiliza. Kifaranga kinalia, kuku anahangaika miguuni, hewa ipo tele, mtu angeweza kurudi Kitaya akafika na akiba.

Akaachia fimbo. Akachukua mkono wangu akauweka kwenye breki.

Siku hiyo mjomba alikuwa nje. Hakuna aliyeona, mwalimu. Nilikaa wiki na zaidi sijaandika. Ningeweza kusema hewa imekwisha. Ningemwambia nani? Hakuna hata aliyeuliza. Lakini wewe uliniandikia ukweli.

Nimefikiri sana hapa kwenye korosho. Nilidhani alipotua kwetu siku ile alikukataa wewe. Nafikiri na wewe ulidhani hivyo, ndiyo maana ulidanganya. Sasa akiwa kwangu anatua kwako. Nimemwuliza mjomba maana yake. Kasema, "Anakwenda kumwona asiyekuwepo. Wewe mwenye miguu mizima hungekwenda?"

Begi la bluu nimelitoa uvunguni, nimeliweka juu ya meza karibu na kompyuta. Nguo ziko ndani, nimezikunja kama ulivyozikunja wewe. Sijalifunga, wala nguo sijazitoa.

Shule zikifungwa njoo. Njoo na nguo za kukaa, si za kulala siku moja. Kumuuliza peke yangu siwezi tena, na wewe peke yako ulishindwa. Tutakaa wote, wewe miguu, mimi breki. Mkono anao mwenyewe.

Wifi yako,
Ilda